Madam Apolonia kasoma grupu letu

Widad, pokea simu basi. Nimejifungia chooni kazini, nimekwisha.

Lile grupu letu kwenye mfumo wa ofisi, tunakomsemaga bosi wetu Madam Apolonia na sala zake ndefu za kufungua kikao. Admini ni mie. Leo kaniambia, "Gladness, niunge kwenye magrupu yote." Majina ya magrupu anayaona, ningelificha vipi? Nikamuunga. Nilijua ni kama WhatsApp, mgeni haoni ya nyuma.

Kumbe kule mgeni anaona yote. Yote, Widad. Tangu tulipolifungua.

Wewe huko ofisi ya Mikocheni, bosi akitaka kuungwa, fungua grupu jipya. Usimuunge kwenye la zamani, nakusihi.

Meza zetu zinatazamana. Nimemwona anasoma, anapandisha tu juu. Akafika pale nilipoandika, "Leo kaombea mpaka jenereta, amina bado iko njiani, ndiyo kwanza Chalinze."

Kanijibu palepale chini yake. Wote wameona.

"Kesho sala ya kufungua kikao utaongoza wewe. Usifupishe."

Mie, Widad. Mie ambaye hata ya chakula sijawahi kuiongoza.

Najua wewe Mwislamu, lakini niombee shoga yangu. Hata fupi.