Kuku wa Bibi na Vichwa vya Sadini

Zuheir, nakuandikia nikiwa ndani ya banda la kuku la Bibi. Usicheke.

Unamkumbuka mwalimu wa sayansi aliyesema mafuta ya kuku huchukua ladha ya chakula chake? Nilitaka kumuumbua. Likizo nzima nimewalisha kuku vichwa vya sadini kutoka bandarini hapa mjini Safi, badala ya ngano. Bibi hajui.

Leo wamekuja watu kumposa dada Ghizlan. Kuku wa kienyeji mezani, zafarani, ndimu za chumvi, heshima zote. Mama wa bwana harusi, Lalla Badia, akatafuna mara moja, taya likagoma.

"Huyu ni kuku," akauliza, "au samaki?"

Au samaki! Mbele ya watu wote!

Bibi akawaka. "Lalla, kuku wangu hula ngano tupu. Wallahi!"

"Basi achinjwe mwingine, tumwonje."

"Hata sasa hivi! Ilyas, mjukuu wangu, kakamate jogoo!"

Bibi ameapa, ndugu yangu. Ameapa! Na mimi nimemkumbatia jogoo. Kuku wote walikula sadini, na mafuta ya ndani hayaoshwi kwa sabuni. Nikimpeleka huyu, Bibi anakuwa mwongo na posa inavunjika. Nikisema ukweli, mazishi yangu ni kesho, uje na tende.

Ghizlan amekuja kuniharakisha. Nimemwambia yote.

Hakupiga kelele. Ameingia na kaftani yake ya hariri, ameketi juu ya gunia la ngano ambalo sijawahi kulifungua, akasema, "Funga mlango. Jogoo haendi popote, na mimi sirudi kwa wale wageni."