Kizibo Hataki Goli la Kupewa

Mama Ofelia mpendwa, majibu yako nayasoma gazetini kila wiki, sasa nami naomba msaada wako, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize washambuliaji wote wa Uruguay, na shule niliiacha mapema kwa sababu haikuwa na mpira wa kutosha, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Mimi ni Líber Techera, hapa Paysandú wananiita Kizibo, beki wa kati, nimestaafu juzi baada ya magoti kugoma. Maisha yangu yote ya mpira sijafunga hata goli moja na ninajivunia, maana kufunga ni kazi ya waoga wanaosubiri mbele huku wengine tunapigana nyuma. Sasa Jumapili klabu inaniandalia mechi ya kuniaga, na unajua desturi yetu, anayeagwa hupewa penalti mwishoni, kipa anajiangusha upande mwingine, watu wanalia, nyama inachomwa. Mwenyekiti kaniambia, "Líber, kipa ataanguka kushoto, wewe piga kulia, hata bibi yangu hakosi." Nikamwambia basi mwite bibi yako apige. Na Gualberto Píriz, yule mshambuliaji niliyemlaza kwenye majani ujana wake wote, amekaa jikoni kwangu anamaliza nyama yangu na kunicheka, "Kizibo bwana, sema tu unaogopa kukosa cha bure."

Ningekataa na yakaisha, lakini kuna mama yangu. Anakaribia themanini, kila mechi ya nyumbani anauza mikate ya kukaanga getini, filimbi ikilia anaiacha, anakwenda kusimama nyuma ya lango letu kashika uzio, na kipindi cha pili tukibadilisha upande naye anahama, tena nyuma ya lango letu. Mwenyekiti anasema nisimnyime kuona goli la mwanawe kabla hajafa. Nikamuuliza mama mwenyewe, akageuza mkate kwenye mafuta, akasema, "Fanya utakavyo, ila usiniaibishe." Sasa aibu ni ipi, kupiga au kukataa? Nijibu upesi, na usinibembeleze.

Kizibo, Paysandú

Líber,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza nikicheka, kisha nikikasirika. Unajua kusoma miguu ya kila mshambuliaji, lakini ulichoandika mwenyewe hujakisoma. Anayetaka kuona goli lako angesimama nyuma ya lango lile lingine. Mama yako amekuwa na miaka yote hiyo ya kugundua kwamba kakosea mahali. Hajakosea.

Pole kwa magoti, ila majigambo punguza, Gualberto umemlaza vya kutosha. Leo, kabla hujala, nenda kwa mwenyekiti umwambie hutaki penalti ya zawadi. Akikutajia desturi, mwambie hiyo waliitunga washambuliaji. Kisha mwambie Gualberto Jumapili acheze upande wa pili, aje kwako kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, asikuonee huruma, nawe usimwonee. Mpira mpokonye kwa usafi, maana ukimvunja mtu ndipo utakapomwaibisha mama. Watu wakizomea kwa kunyimwa kilio chao, waache wazomee.

Mama yako atakuwa palepale kwenye uzio, mikono ina unga. Mpira usipite.