Mkeka wa Waliokwenda Bila Mkeka

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekata ukindu wa kusukia tena, bondeni, njia ya Mbau. Miiba imeniingia viganjani. Mizigo miwili. Mmoja wetu, mmoja wa Bi Zuhura. Wake nimeuacha nyuma ya ua. Kwenye mlango ule siwezi kupiga hodi.

Wanawake wanasuka mkeka wa waliouawa siku kijiji kilipovamiwa. Kwetu maiti hutoka na mkeka mpya, hata awe masikini. Wale walikwenda bila mkeka, bila sanda, bila maji. Tuliwazika haraka haraka, shimo moja nyuma ya chuo cha Kurani, tukakimbia. Sasa tumerudi. Watoto waliokulia kambi ya wakimbizi hawajui shimo liko wapi. Wanachezea mpira juu yake.

Ndipo Mwalimu wa chuo akazungumza na kina mama. Kila nyumba isuke ukili, ukanda mmoja wa mkeka, wa mtu wake. Zote zishonwe, mkeka ukae chuoni. Kila Ijumaa mtoto aweke mkono juu ya ukili, aseme huyu nani, kazi yake nini, mcheshi au mkali.

Nimelipenda. Mie maneno sina, lakini ukindu najua kuukata.

Jumanne, 5 Agosti

Mama naye anasuka. Ana mtu wake. Kaka yangu Abudu.

Kanunua rangi kwa yule Mtanzania mwenye duka. Nyekundu na zambarau, rangi za mkeka wa harusi. Sufuria inachemka, nyumba nzima inanuka. Abudu hakuoa.

 Naogopa.

Alhamisi, 7 Agosti

Eskola, shule ya serikali, niliacha darasa la pili. Kuandika nimejifunza kambini, chini ya turubai, kwa dada mmoja mvumilivu. Mwandiko wangu mbaya. Lakini hili niliandike, maana kulisema sitaweza.

Abudu aliingia msituni kwa wavamizi kabla hawajatufikia. Walimwahidi pikipiki, wakamwahidi pepo. Sijui alipenda kipi zaidi. Siku walipokuja, alikuja nao. Kijiji kizima kinajua. Alikwenda kwa Mzee Bakari, mwadhini, mume wa Bi Zuhura. Akapiga hodi. Akasema ni mie, Abudu. Mzee ndiye aliyemfundisha kuadhini tangu mdogo. Akaijua sauti. Akafungua.

Bi Zuhura alikuwa uani na mjukuu wake mgongoni. Alisikia yote. Akatorokea mlango wa nyuma.

Halafu askari wakafika, wakapigana, na Abudu akafia palepale uwanjani. Asubuhi tukazika. Tulikuwa wanaume wachache. Kwa Abudu nilishika miguu. Mmoja akasema huyu aachiwe mbwa. Mwingine akasema hatuna muda wa kuchagua maiti. Tukamshusha. Akalala kando ya Mzee Bakari, bega kwa bega. Nikafukia.

Nampenda kaka yangu. Namchukia. Hakuna siku linakuja moja bila jingine.

Jumapili, 10 Agosti

Mama kapeleka ukili wake kwa Bi Zuhura, ndiko wanakoshona. Mie nilikuwa nje ya ua nachana ukindu. Nilisikia.

Mwanzo wanawake walicheka. Mmoja akautania, rangi zote hizi, anaolewa nani leo. Mama akasema ni wa Abudu.  Nikasikia kuku wakiparua.

Bi Zuhura hakupaza sauti. Akaukunja vizuri, akamrudishia mapajani.

"Bi Fatu, huyu mlango wangu anaujua. Kwenye mkeka asinipigie hodi."

Mama akasema maiti ni maiti, naye yumo shimoni na wenziwe, naye alikwenda bila mkeka. Mwanamke mwingine akasema basi tumfukue, yaishe.

Zamani wote walimwita Mama Abudu, ndiye mwanawe wa kwanza. Tangu turudi ni Bi Fatu. Wangeweza kumwita Mama Sumaili, kwa jina langu. Hawajamwita hivyo pia.

Karudi na ukili kwapani. Hakula.

Jumatano, 13 Agosti

 Mama anautandaza ukili juu ya kitanda cha kamba, anaupitishia mkono toka mwanzo mpaka mwisho. Anaukunja. Anautandaza tena.

Kisimani wanampisha kama mwenye upele.

Mwalimu kapita jioni. Kasema mkeka ni wa wanawake, yeye hana amri. Labda mie nikamuombe Bi Zuhura. Mie. Nilitazama miguu yangu mpaka akaondoka.

Nina hasira na Mama. Angesuka kimya, akauweka ndani, nani angejua? Nina hasira na hasira yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya jambo. 

Baada ya sala, Mwalimu aliwakusanya watoto chuoni wajaribu. Mkeka haujaisha lakini tayari mpana. Kina mama walikaa ukutani, nyuzi mapajani. Mie nilikuwa mlangoni na mzigo wa ukindu.

Watoto walifanya vizuri. Huyu Bi Arafa, alikuwa akiuza vitumbua, kwa sukari alikuwa bahili. Watu wakacheka, mmoja akafuta macho. Huyu Juma, alikuwa fundi wa baiskeli. Halafu mtoto mmoja akauliza nani aliwaua.

Mwalimu akakohoa. Akasema watu wa mbali. Wageni. Mtoto akarudia, kama wanavyorudia Kurani. Wageni. Wakarudia wote.

Nikasikia mtu anasema si kweli. Nikakuta ni mie.

"Si kweli, Mwalimu. Kaka yangu alikuwamo."

Wote wakageuka. Bi Zuhura alikuwa na sindano mdomoni. Nikautupa mzigo pale, nikaondoka. Nilikwenda hadi bondeni, nikakata ukindu mpaka giza.

Mama bado hajui. Au anajua, hasemi.

Jumamosi, 16 Agosti

Bi Zuhura kaja. Mara ya kwanza tangu turudi. Mama akamtolea kigoda. Hakukaa.

Nataka niandike alivyosema, nisisahau.

"Mama Abudu, sijasamehe, na usiniombe. Lakini jana nimewasikia wale watoto. Wageni, wageni. Nikimtoa mwanao, wajukuu zetu watakua wakijua hivyo. Walikuja watoto wetu. Huyu mmoja nilikuwa nampikia uji."

Mama alijifunika uso kwa kapulana aliyojitanda.

Bi Zuhura akaweka masharti. Rangi hapana. Ukili mweupe, ukindu kama ulivyozaliwa. Na mtoto akiuliza huu wa nani, aambiwe yote, asifichwe. Na wa kusema si Mama. Akaninyoshea kidevu. Akasema huyu hapa, miaka yote tulidhani bubu, kumbe ulimi anao.

Akaondoka. Maji tuliyomwekea hakuyanywa.

Mama alikaa sana. Kamwita Mama Abudu. Sijui kama ilikuwa heshima au kisu. Nadhani yote mawili. Mama naye hajui, lakini nimemuona amenyoosha mgongo.

Ule wa rangi kaukunja, kautia sandukuni. Kaniomba ukindu mpya.

Jumanne, 19 Agosti

Mama kamaliza. Mweupe mtupu. Vidole vyake bado vina zambarau, haijatoka kwa majivu wala ndimu. Akawa anafuta mikono kila mara asiuchafue.

Ameshindwa kuupeleka. Nimeupeleka mie. Nimepiga hodi.

Bi Zuhura akaupokea, akaukagua kama anavyokagua ukili wowote, akavuta mahali pamoja akasema hapa pamelegea. Kweli palilegea. Akakaza pale mwenyewe.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, Abudu amelala kando ya nani shimoni.

Nilitaka kusema sikumbuki.

Nikamwambia kando ya Mzee. Kushoto kwake.

Sindano ikasimama. Mjukuu wake Mwanahawa alikuwa anachezea masalio ya ukindu, akamuuliza Bibi, umejichoma?   Bi Zuhura akauweka ule mweupe kando ya ukili wa Mzee Bakari, kushoto, akaanza kushona. Mishono midogo, imekazana. Nilibaki nikimpa uzi mpaka ukaisha.

Ijumaa, 22 Agosti

Tuliupeleka mkeka shimoni, tukautandaza juu. Dua. Wanawake walisimama nyuma ya wanaume, wengi walilia. Mama hakuja. Kisha tukaukunja tukaurudisha chuoni.

Mwanahawa aliingia na wenziwe. Alipofika kwenye ule mweupe akaweka kiganja, akasema huu haujaisha, hauna rangi. Watoto wakanitazama. Bi Zuhura alitazama nje.

Nikachuchumaa. Nikamwambia huu umeisha. Huu wa Abudu, kaka yangu. Alikuwa anajua kuadhini. Alikuwa ananibeba mgongoni kuvuka maji. Akaenda msituni, akarudi na wauaji. Akapiga hodi kwa babu yako. Babu yako akamjua kwa sauti, akafungua.

Sikuongeza. Hakuna zaidi.

Mtoto aliangalia kiganja chake. Akaondoa mkono. Akauweka kwenye ukili wa pembeni akaanza, huyu Babu Bakari, mwadhini, mkali, anapenda tende. Akaendelea na wengine.

Nimerudi nyumbani. Mama alikuwa anapeta mchele. Akaniuliza kama mtoto aligusa.

Nikasema aligusa.

Akaendelea kupeta.