Kilo za Njoki

Jumatatu, 10 Februari

Lori la Mau Narok limechelewa tena. Viazi vimeshuka saa nne badala ya saa mbili, na nusu ya magunia yamelowa. Nimeyakataa yaliyolowa. Dereva amenuna. Anune.

Jioni nimemwona Njoki akitoka kuoga. Bega la kushoto lina alama nyeusi, upana wa kiganja. Nikamuuliza ni nani amempiga. "Mum, ni raga tu."

Raga. Kumbe tangu shule zifunguliwe. Baba yake anajua. Hata mama wa mboga pale getini anajua, maana mtoto hupita kwake kila jioni na njumu zimening'inia shingoni. Mimi ninayeamka saa kumi kwa sababu ya karo yake ndiye wa mwisho kuambiwa.

Nimesema hapana. Baba Njoki anasema niangalie upande wa pili pia. Mtoto anaamka bila kuitwa. Ameacha kujifunika sweta wakati wa jua. Nimemwambia mwili haurudishwi dukani. Nilibeba magunia miaka sita kabla sijapata stoo, na leo natoka kitandani kwa awamu: kiwiko, halafu goti, halafu mimi mwenyewe.

Njoki alifunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumatano, 12 Februari

Nimeenda shuleni kuona kwa macho yangu. Njoki alikuwa pembeni ameshika chupa za maji, kwa kuwa nilimkataza kucheza. Hakunitazama.

Niseme ukweli, ni mchezo mzuri. Wanainuana, wanaitana, aliyeanguka anavutwa mkono na aliyemwangusha. Lakini kuna msichana mmoja, Achieng, mwembamba kama mpini wa jembe. Kidato cha tatu kama Njoki wangu, darasa moja. Alipokea mpira, akavamiwa na jitu la kidato cha nne. Nilisikia ule mlio nikiwa nimesimama mbali.

Kocha Barasa ni kijana, ana adabu. Nikamuuliza anajuaje nani afanye mazoezi na nani. Akasema anawatazama tu. Anawatazama! Mimi nikitazama gunia najua uzito wake, nikikosea sana ni kilo mbili, na bado nalipandisha kwa mizani.

Nikamwambia Jumamosi naleta mizani yangu. Wapimwe wote, na mtu asigongane mazoezini na mwenzake anayempita kilo kumi na tano. Akikubali, nitafikiria kumrudisha Njoki.

"Mathe, hawa ni watoto, si waru," akasema, kama kwamba sijui viazi ni nini.

"Ndiyo maana hawafai kukadiriwa."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasema niilete.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemuuliza daktari wa kliniki hapa mtaani. Hakunificha. Mkono na bega hupona. Kichwa na shingo si vya kuchezewa, na mtoto aliyegongwa kichwa akirudi uwanjani kabla hajapona, hapo ndipo balaa lilipo. Nikamuuliza, ungekuwa wewe? Akasema wake anacheza. Sasa hilo ni jibu gani.

Nimewaza siku nzima huku nikipimia wateja. Upande mmoja, shingo. Upande mwingine, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akitembea amejikunja kama anatafuta sarafu chini, na siku hizi anatembea ameinua kichwa. Hata Hisabati imepanda kutoka D hadi C+. Siwezi kusema ni raga. Siwezi kusema si raga.

Kilo zikilingana, nitamruhusu. Nimeamua.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui niandikeje.

Tulipeleka mizani kwa pikapu. Wazazi walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kocha alikuwa amewatangazia. Baba Njoki akiandika, mimi nikisoma. Nilisoma jinsi ninavyosoma stoo kila siku ya Mungu, kwa sauti, ili anayeandika asikie na mwenye mzigo asikie. Achieng, arobaini na saba! Andika! Wasichana walikuwa wanacheka, wanasukumana, mimi mwenyewe nikifurahia. Mama Achieng akanishika mkono, akasema Mungu anibariki, amekuwa akiogopa kusema.

Njoki alikuwa wa mwisho. Alisita. Nikamwambia panda, usitucheleweshe. Mshale ukakimbia, ukasimama.

"Themanini na sita!"

Hivyo. Kwa sauti ile ile. Na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, ukaongeza, "Hii imejaza!"

Kisha mmoja nyuma akasema, "Lumbesa."

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kipimo, likaongezewa kofia ya wavu juu. Wote hapa Nakuru wanalijua. Walicheka. Si kwa ubaya, najua. Walicheka tu.

Njoki alishuka, akachukua begi lake, akatoka getini. Hakukimbia.

Nikabaki na ile karatasi. Anayemfuata ana kilo sitini na sita. Tofauti ishirini. Sheria yangu inasema kumi na tano. Mama Achieng alipiga hesabu haraka kuliko mimi. "Mama Njoki, na lile jitu lililomwangusha wangu Jumatano, lina ngapi?" Sitini na mbili. Akanitazama. "Basi hao wetu tuwakinge na nani?"

Nilienda kumlinda mtoto wangu. Kumbe wenzangu walikuwa wanalala macho kwa sababu yake.

Mimi wa kukosea gunia kwa kilo mbili. Mtoto wangu nilikuwa namkadiria sitini na kitu.

Jumapili, 16 Februari

Njoki hakwenda kanisani. Chakula cha mchana, vijiko vinne. Usiku, chai bila mkate. Akanawa mikono wengine bado wanakula.

Nilimpata uani amezitia njumu kwenye mfuko wa taka. Nikamwambia azitoe. Akasema, "Nimeacha. Si ndiyo ulitaka?"

Ndiyo nilitaka. Jumatatu nilitaka hivyo hivyo. Leo nimeletewa nilichoagiza na sikitaki.

Nilisema samahani. Akasema sawa. Ile sawa ya kumaliza maneno.

Njumu nimezitoa mimi. Nimezisafisha, nimezificha stoo nyuma ya magunia ya mbegu.

Jumanne, 18 Februari

Kocha Barasa amepiga simu. Wazazi wameipitisha ile sheria. Mazoezi yametulia, wadogo hawaogopi tena kupokea mpira. Ni sheria nzuri, akasema, ila imemnyang'anya mchezaji wake bora. Hilo la bora sikuwahi kuambiwa.

Anasema kuna timu ya wanawake hapa mjini, hufanya mazoezi Jumamosi. Wapo wa kilo tisini, wapo wa mia. Njoki anaweza kufanya mazoezi kule, acheze mechi na wenzake wa shule. Kule atakuwa mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo hesabu imegeuka. Zamani nilikuwa naogopa hatari ambayo haikuwepo. Sasa, nikitaka mtoto wangu arudishe uso wake, nimpeleke penye hatari yenyewe, kwa miguu yangu. Baba Njoki anasema ni mimi niamue. Mwezi huu ndipo amekumbuka kwamba naweza kuamua.

Nikamwambia kocha sitaki jibu la simu. Nitaenda kuwaona.

Lakini kwanza Njoki. Leo tena vijiko vinne. Nimesikia akimwambia baba yake ameshiba, na tumbo lake likimkana.

Alhamisi, 20 Februari

Nilimwita stoo baada ya shule, nikisingizia kwamba nahitaji mtu wa kunisomea simu. Vijana wa kubeba walikuwa bado wanapanga magunia. Kioko, yule mwenye mdomo, alikuwa juu kabisa ya rundo.

Nikavua viatu, nikapanda kwa mizani mimi mwenyewe. Nikamwambia Njoki asome.

"Mum, shuka."

"Soma. Kwa sauti. Kama nilivyokufanyia."

Akasoma, karibu kunong'ona. Nikamwambia Kioko hajasikia. Akasoma tena. "Mia moja na nne."

Kioko akatutazama kutoka juu. "Madam, hiyo ni lumbesa."

"Ndiyo," nikasema. "Hilo lilikuwa jina langu."

Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanamke peke yangu katika wanaume wanaobeba, na waliniita hivyo kila asubuhi nikiingia soko. Nilibeba sawa na wao. Ni mabega haya yaliyojenga stoo hii, akatae nani. Nikamwambia mabega yake ameyatoa kwangu, hakuyaokota. Na kwamba nilikosea kupiga kelele na kilo zake, si kwa sababu ni nyingi, ila kwa sababu ni zake.

Alikaa kwa gunia. Kisha akauliza kama Kioko naye atapimwa. Kioko alishukia upande wa pili wa rundo. Njoki alicheka, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

Nikampa njumu. Nikamwambia kuhusu timu ya wanawake. Nikamwambia pia kule ataumia kuliko alivyoumia shuleni, sitamdanganya. Akasema ataenda kuangalia. Kuangalia tu.

Jumamosi, 22 Februari

Kapteni wao ni askari jela, mwanamke mrefu, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili. Nilimketisha nikamhoji kama mtu anayeomba kazi kwangu. Nani yuko hapa wa huduma ya kwanza? Akanionyesha, nesi, naye huvaa njumu. Mtoto akigongwa kichwa? Anatoka, harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa, anaenda hospitali, na harudi mazoezini mpaka daktari aseme. Hata kama ni fainali? "Hata kama ni mimi."

Mgeni huanzaje? Wiki mbili bila kugongana na mtu. Anafundishwa kuanguka kwanza.

Hilo lilinishika. Sisi hakuna aliyetufundisha kuanguka. Ulibebeshwa gunia siku ya kwanza, ukajifunza kwa mgongo wako.

Nimekubali. Masharti yangu: nitakuwepo kila Jumamosi, na kichwa kikiguswa mimi sibembelezi mtu. Kapteni akasema kiti nilete mwenyewe.

Njoki aliyekuja kuangalia tu alikuwa ameshavaa njumu.

Jumatano, 26 Februari

Mama Achieng alipita kununua viazi. Achieng ameteguka kifundo cha mkono. Nikamuuliza nani alimgonga. Hakuna. Alijikwaa peke yake akikimbia.

Tukatazamana. Kumbe mizani yangu haikumaliza yote. Imepunguza. Kupunguza nako ni kazi.

Akaniuliza, "Wewe umempeleka kwa wale wanawake wakubwa kweli? Huogopi?"

Nikamwambia naogopa. Nikampimia kilo kumi, nikamwongezea viwili vya Achieng.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ndiyo siku ya kugongana.

Nilikuwa na kiti changu na chupa ya chai. Kapteni mwenyewe ndiye aliyemwendea Njoki, nafikiri kwa makusudi, ili mambo yaishe mapema. Nilimwona akija. Nilisimama. Chai ilimwagika. Njoki alishuka kama walivyomfundisha, kidevu kifuani, bega kwanza, na yule mwanamke mzima juu yake.

Halafu sikuona kitu isipokuwa vumbi.

Halafu mkono wa kapteni ukamvuta, akainuka, akapangusa goti. Alinitafuta kwa macho. Nilikaa chini. Hilo ndilo gumu nililofanya mwaka huu, kukaa chini.

Dakika kumi baadaye ilikuwa zamu ya kapteni kulala chini. Siandiki nilivyopiga kelele.

Jioni nimemkanda bega. Alama iko pale pale, upande wa kushoto. Sikuuliza ni nani. Baba Njoki alikuwa amepika githeri, na chumvi imezidi kama kawaida yake. Njoki alimaliza sahani, akaisukuma upande wangu.

"Ongeza."

Nikaongeza. Akala, akasukuma tena. Nikapakua bila kuangalia ni kiasi gani.