Kufyatua Seva Tatu

Jumatatu, 7 Septemba

...na wala sikumpenda Haruna kwa sababu ya kompyuta, waseme watakavyo. Nilimpenda kwa anavyocheka. Kompyuta zilikuja baadaye. Ndoa yetu bado mbichi. Akifungua tu mlango wa uani, moyo unaruka.

Tumetoka nyumbani Buzebazeba kwa baiskeli, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika kiuno. Raha!

Ofisini kazi ile ile. Tunakodi seva, yaani kompyuta kubwa ya mbali, iko nchi ambayo sitaiona kamwe. Ndani yake kuna programu ya kutafutia ndugu waliopoteana. Wakimbizi wa Kirundi wanaandikishwa, programu inalinganisha, ndugu wanakutanishwa. Sasa seva moja imezidiwa. Mama Domina, bosi wetu, anataka tatu, kila kituo cha mapokezi na yake, zote zikipashana habari. Anazitaka kabla ya Ijumaa, boti zitakapoleta watu kutoka Kagunga, kule mpakani. Jioni hiyo hiyo mabasi yanaondoka, kila basi na kambi yake. Mama na mtoto wasipokutanishwa kabla ya hapo, kila mmoja ataishia kambi yake.

Kuandaa seva moja kwa mkono ni siku nzima. Kosea amri moja, anza upya. Haruna hana wasiwasi. Mimi ninao.

Jumatano, 9 Septemba

Mume wangu ana akili jamani!

Amepata chombo cha kutufanyia kazi. Unaandika maagizo yote kwenye faili moja. Chombo kinayasoma, kinawasha seva tupu, kinaweka kila kitu chenyewe, kinaipima, kisha kinachukua picha ya seva nzima, yaani nakala yake kamili. Ile seva ya kwanza kinaitupa. Picha inabaki. Ukitaka seva nyingine unaitoa kwenye picha, imeshakamilika. Majina ya watu yanatunzwa pembeni, hayamo kwenye picha.

Nikamwambia, hiki si kibao cha matofali cha baba kule Kasulu? Kibao kimoja, unafyatua tofali baada ya tofali. Alicheka mpaka akashika meza. Tangu hapo hatusemi kutengeneza seva. Tunasema kufyatua.

Mimi nimepewa kuandika upya sehemu ya kulinganisha ndugu, pamoja na majaribio yake. Chombo kinahitaji ukoo wa mfano, kipime kama ndugu wanakutana. Nikaweka wakwe zangu. Haruna Ramadhani. Asha Ramadhani. Mwanaidi Ramadhani. Mwisho nikajiweka na mimi, Rehema Ramadhani, kwa raha tu ya kuliona jina lake likikaa pembeni ya langu.

Mama Domina akapita nyuma yetu. "Ninyi maharusi, mmeoana au mmeoa kompyuta?"

"Vyote, mama," akajibu Haruna.

Alhamisi, 10 Septemba

Imekubali! Jaribio limepita mara ya kwanza. Picha iko tayari. Tumefyatua seva tatu kabla chai haijapoa. Nimemkumbatia mbele ya watu wote, sijali.

Mama mkwe ametupikia samaki, migebuka kwa mafuta ya mawese, na ugali wa muhogo. Nimekula kama mshindi.

Ijumaa, 11 Septemba

Nilitamani ardhi inimeze.

Boti zimefika asubuhi. Watu wameandikishwa. Hakuna hata mmoja aliyekutanishwa. Seva zote tatu zinawaka vizuri, na zote tatu zinajibu vilevile: hana ndugu.

Mama mmoja, Spesiose Nahimana, hakuondoka mezani kwangu. Amepanda boti Kagunga peke yake. Binti zake walitangulia kwa nchi kavu, njia ya Manyovu. Nikamuuliza majina. Irakoze na Kezakimana.

Hapo nikaliona kosa. Mrundi ana jina lake mwenyewe, halifanani na la mama wala la dada. Hata sisi Waha wa Kasulu ni hivyo hivyo! Mimi na dada zangu hatulingani majina. Na ni mimi niliyeiagiza programu ilinganishe jina la mwisho. Jaribio lilipita kwa sababu nililijaza Ramadhani watupu. Mapenzi yamenipofusha.

Nikamwambia Haruna mbele ya wote. Hakunikemea.

"Mke wangu, umeolewa na ukoo mzima! Mimi nimebaki wapi?"

Watu wakacheka, mimi nalia. Nikataka kuingia kwenye seva moja moja nirekebishe. Akanishika mkono. "Matofali tuyaache. Tunyooshe kibao."

Tukafungua faili la maagizo. Badala ya jina la mwisho, jina la mama, la baba, na kilima walikotoka, maana kwa Warundi kilima ndicho kijiji. Yote huwa wanaulizwa wakiandikishwa. Jaribio nikalijaza upya, safari hii baba, mama na dada zangu wa Kasulu. Tukabonyeza. Chombo kikaanza kazi. Nje mabasi yameshapanga mstari. Mama Spesiose anasali kwa Kirundi. Mimi nauma kanga.

Jaribio likapita. Picha mpya. Tukafyatua tatu mpya, tukazima za zamani.

Majina yakaanza kumiminika! Seva tatu kwa mkono tungezimaliza wiki ijayo. Irakoze na Kezakimana walikuwa kituo cha pili, tayari wamepandishwa basi. Mama Domina akashika simu: "Mwambie dereva azime gari! Azime!"

Walipoletwa, Mama Spesiose alipiga kelele moja tu. "Ni bo! Ni bo!" Ndio wao, ndio wao.

Kabla mabasi hayajaondoka, kila aliyekuwa na ndugu vituoni alikuwa amekaa naye. Haruna amenibeba ofisini mbele ya bosi. Namwabudu, Mungu anisamehe.

Jumapili, 13 Septemba

Ziwa limetulia. Haruna amelala mkekani, redio inaongea peke yake.

Watatu wale walipanda basi moja. Mama Spesiose alitoa mkono dirishani, akanishika, akasema, "Mwanangu, usitusahau huko kambini." Gari likaondoka kabla sijamjibu.

Nakujibu sasa. Tutakuja, mama, mimi na mume wangu, kabla Septemba haijaisha.