Rangi Mpya ya Porsche

Selpher, usinipigie. Wakoli amekaa hapa kando yangu, hajavua hata viatu.

Unakumbuka ile Porsche ya Mzee Kabiru, gari ya Wajerumani iliyolala kwa gereji yake Makongeni tangu tisini na sita? Leo ilikuwa iuzwe kwa mnada. Mzee alimwambia Wakoli aioshe tu. Aioshe!

Si unamjua bwana yangu. Akasema mzee ametupa kazi miaka yote, hawezi kumwachia gari imechujuka hivyo. Jumamosi yote tumepiga msasa. Akaipaka nyekundu, ikawa kama imetoka dukani jana.

Dalali alipofika akaizunguka mara moja. "Nani ameigusa hii?"

Wakoli akainua mkono, Selpher. Akitabasamu. Alidhani anasifiwa.

"Kijana, watu wanatoka mbali kununua ile rangi ya kiwandani. Hiyo uliyokwangua." Akafunga kitabu chake, akasema hii haiingii mnadani.

Mzee hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, akaitisha funguo za gereji. Wakoli akampa.

Na mimi nilikuwa nimeona. Watu wa mnada walipokuja kuipiga picha, kabla hatujaigusa, walikuwa wanainama kwa ile rangi kuukuu, karibu kabisa, mlango baada ya mlango. Niliona, nikanyamaza, nikashika msasa.

Tangu turudi Wakoli ameniuliza kitu kimoja tu. "Lakini iling'aa, ama?"

Nimemwambia iling'aa.