Bustani ya Dirishani ya Mama Kapinga

Kolwezi, mwisho wa mvua

Kwako yaya Bernadeta, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia wewe, mzee wako na wote wanaolala chini ya paa lenu. Goti lako linasemaje na upepo wa ziwa? Yule mjukuu aliyekuwa anakohoa, amepona? Sisi ni wazima, kama mtu anayekula mara moja kwa siku anaweza kuitwa mzima. Mshahara wa mume wangu hauonekani na mashine za mgodi zimelala, lakini kila asubuhi anavaa viatu vyake vya kazi na kwenda kuzitazama zikishika kutu.

Barua yako ilifika. Unasema umesikia nyumba nyingi zimebaki wazi huku Kolwezi, nimwambie shemeji yangu Banza akushikie moja kwa ajili ya mkwe wako. Yaya, nyumba hizo hazikubaki wazi. Zilifunguliwa kwa mateke. Wenyewe ni watu wa asili ya Kasai, wengi wamezaliwa hapahapa, baba zao waliletwa kuchimba shaba. Leo wanaitwa bilulu, yaani wadudu, na wanalala kituoni na sufuria zao wakingoja treni ya kuwapeleka mahali ambapo hawajawahi kufika. Ngoja nikueleze huyo Banza ni mtu gani, halafu utaniambia kama bado unataka akushikie kitu.

Unamkumbuka, mdogo wa mume wangu, yule aliyemaliza kuku mzima kwenye arusi yetu huku akilalamika kwamba tumbo linamuuma. Sasa ni mkubwa wa vijana wa chama kinachowafukuza watu hao. Amepewa filimbi. Hakuna anayepiga kelele kumshinda kwamba Wakasai watoke, na mama yake mzazi, Mama Kapinga, tunayeishi naye hapa nyumbani, ni Mkasai. Marehemu mkwe wangu, mtu wa mkoa huu, wa Kabongo, alimwoa hukuhuku kwenye kambi ya mgodi. Basi Banza anadhani akipuliza filimbi kwa nguvu watu watasahau nani alimnyonyesha. Ana akili ya kuku, ila kuku angalau anataga.

Mvua zilipoanza, vijana wake waling'oa mboga zote za Mama Kapinga nyuma ya nyumba. Mmoja wao, ambaye mama huyo alimbeba mgongoni akiwa mtoto, alimwambia: "Udongo ya huku haiko yenu, mama. Mwende mupande kwenu ku Kasai!"

 Mama Kapinga aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akalitazama dirisha muda mrefu. Kisha akaniambia: "Banasema udongo ni yabo. Bien. Tutapanda bila udongo."

Nilidhani uchungu umempanda kichwani. Lakini alikata mabidoni, yale madumu ya mafuta, akayatoboa chini, akayatundika dirishani moja chini ya jingine kwa waya ambao mume wangu alileta kutoka kazini. Ndani hakutia udongo hata wa kujaza ukucha. Alitia changarawe ya mtoni aliyoichemsha, na kutoka bidoni moja hadi jingine akapitisha mipira ya serumu, ile ya kutundikia wagonjwa maji, aliyoomba kwa muuguzi mmoja wa parokia yetu. Maji yake aliyalowekea mavi ya kuku, akayachuja kwa kitambaa, akaongeza majivu kidogo. Ukiyamimina juu yanashuka tone kwa tone mpaka kwenye beseni, naye anayarudisha juu asubuhi na jioni. Nilimwambia nyumba itanuka, na kweli ilinuka. Lakini mchicha wetu wa lengalenga ulitoka, na majani ya vitunguu, na matembele yakatambaa mpaka kwenye pazia. Majirani walisonga bukari wakala na chumvi, sisi tulikula bukari na mboga, na nyingine tulizipitisha chini ya kitenge kuwapelekea wale wa kituoni.

Wa kwanza kuja kula alikuwa Banza. Alikuwa amekwisha kuhamia nyumba ya jirani zetu waliofukuzwa, analala kwenye kitanda chao na kunywa kwenye vikombe vyao. Alipoliona dirisha akataka na yeye la kwake. Mama, kwa sababu mama ni mama, alimwonyesha kila kitu na kumpa miche. Unajua bwana mkubwa alifanya nini? Aliitupa changarawe. "Ile majiwe ya mutoni iko ya bure," akasema. "Mi natia majiwe ya kwetu, iko na nguvu ya inchi." Akaenda kwenye mashimo ya mgodi uitwao Mashamba, akarudi na mfuko wa yale mawe ya kijani yenye shaba, akayajaza mabidoni yote. Aliita watu waje kuona yanavyong'aa.

Yaya, mtu amekulia Kolwezi. Utoto wake wote amepita kwenye vilima vya shaba ambako hauoti hata mti wa kufungia mbuzi, na hajawahi kujiuliza kwa nini! Mama alimwambia mawe hayo yanaua mizizi. Banza alimcheka mbele ya vijana wake. Miche ikageuka njano, mizizi ikawa myeusi, yote ikafa.

Ningecheka mpaka leo, kama asingekuja na filimbi yake shingoni na kusimama mlangoni petu: "Mama, njo muko naloka mboga yangu!" Mtu anamwita mama yake mchawi kwa sababu ya mboga alizoziua mwenyewe. Akasema vijana wanamuuliza maswali, kwa hiyo mama apande treni ijayo. "Haiko mubaya, mama. Ni politique tu." Halafu, yaya, bila aibu, akaliangalia dirisha letu: "Ile mabidoni mutaniachia?"

Mama Kapinga alikuwa anachuma lengalenga. Hakugeuka. "Udongo iko yenu, baba," alisema. "Mupande, mukule."

Mume wangu, ambaye kwa miezi yote hii alikuwa anatazama viatu vyake, alisimama akamshika mdogo wake ukosi na kumtoa nje. Nilimpenda tena siku hiyo.

Lakini hapa mama hawezi kubaki. Wamekwisha kumtaja, na nimeona walivyowafanyia wengine. Atapanda treni ileile ya waliofukuzwa, Banza aone na aridhike. Mume wangu atakuwa naye. Wakifika Kamina watashuka, wataingia treni ya Kalemie, waje kwako. Barua hii inaletwa na mtu wa reli ili iwatangulie. Mpokee, yaya. Watu wakiuliza, sema ni mama mkwe wa mdogo wako, na huo ndio ukweli. Hali chakula kingi, na atakulisha yeye kuliko utakavyomlisha. Nina hofu nikiandika haya, sitaki kukuficha.

Nisalimie mzee wako, shangazi yetu mjane, na binti yako wa kwanza pamoja na mumewe. Huyo mkwe wako mwambie atafute matofali ajenge.

Umeniomba nyumba, yaya. Mimi nakuomba dirisha. Liwe lile linalopata jua la asubuhi.

Mdogo wako,
Feza